Kona za Meza ya Krismasi

Aliyemwambia Mektrida kwanza ni Grace, mke wa shemeji yake, walipokuwa jikoni wakimenya ndizi za mtori. Alisema bila kuinua macho, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

"Jumapili tunashuka mjini, na Mama tunashuka naye. Filbert ameshaamua. Chumba nimeshakitandika."

Mektrida aliacha kumenya. "Mama mwenyewe amekubali?"

"Atakataa vipi? Tangu Krismasi ni kujikwaa tu, leo mlangoni, kesho sebuleni. Baba ndiye huyo, kitandani haamki tena. Mumeo yuko mlimani na wageni, wewe una mtoto wa kunyonya. Sasa Mama akianguka nani amwokote? Au utamfunga kamba kiunoni kama mbuzi?" Grace akacheka peke yake. Alipoona mwenzake hacheki, akalainisha sauti. "Usinune, mdogo wangu. Hatumwibi. Ni mama yetu sote."

Mektrida alikuwa na jibu, ila jibu lenyewe lilikuwa limefungiwa ndani.

Mama Hilda, mama mkwe wao, hakuwa na macho tangu miaka mingi iliyopita, lakini katika nyumba ile ya Kibosho hakuwa akianguka. Alitembea bila fimbo, mkono mmoja ukipita juu ya meza, kabati na viti, mkono wa pili umebeba kikombe cha uji cha mumewe, na tone halikumwagika. Mpaka Filbert, mwanawe wa kwanza, alipopanda kula Krismasi. Kama walivyo watoto wote wa mlimani wanaorudi nyumbani Desemba, hakuja mikono mitupu. Alileta meza kubwa ya chakula, nyeusi, inayong'aa mpaka mtu anajiona uso, kona zake nne zimesimama kama shoka. Majirani walikuja kuitazama. Meza ya zamani ikatolewa, ikapelekwa karakana. Jioni ile ile Mama akaivaa kona kwa nyonga. Mektrida ndiye aliyemwosha damu, na Mama akamkamata mkono kwa nguvu.

"Usimwambie Filbert. Ni zawadi yake. Itamuuma kuliko inavyoniuma mimi."

Mkwe akiambiwa nyamaza na mama mkwe, hunyamaza. Na Mektrida tangu utoto hakuwa msemaji. Hata kanisani wimbo aliuimba midomoni tu. Akanyamaza. Tangu siku ile kikombe cha uji alikibeba yeye, huku akimshika Mama mkono kama anayevusha mtoto barabara, na sasa aliona kwamba ukimya wake ndio uliokuwa unamfungia mwanamke yule mizigo.

Mchana huo huo mzee akaita watu chumbani kwake. Mzee Leodegar alikuwa seremala, na kifua kilikuwa kimemmaliza. Kilichobaki juu ya mto kilikuwa pua na macho. Mama Hilda alikaa ukingoni mwa kitanda. Filbert alisimama, Grace akaegemea mlango, Mektrida akakaa kwenye mkeka na mtoto wake akinyonya. Mzee Elimringi, jirani, alipewa kigoda awe shahidi. Filbert akatoa simu ili arekodi.

"Rudisha mfukoni hiyo," mzee akasema. "Mimi si redio."

"Msikilizeni Meku, mzee wetu," Elimringi akasema. "Huyu hata akifa atatuamrisha namna ya kushika jeneza."

"Nitawaamrisha. Subiri."

Kisha akakohoa, akapumzika, akaanza kusema, na tangu hapo hakuna aliyemkatiza.

"Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na sitaki Grace aje kuuliza baadaye mzee alisema nini, kwa kuwa mzee hatakuwepo wa kuulizwa. Primus hayupo, yuko juu ya mlima huu huu anabeba mizigo ya wageni, na simlaumu, kwani mtu hufuata riziki ilipo. Mektrida, wewe mke wake utakuwa masikio yake. Yashike maneno yangu kama unavyomshika huyo mtoto, usiyadondoshe, na mumeo akishuka umpe yote, matamu na machungu, wala usimpunguzie.

"Nianze na mali, kwa kuwa najua mali ndiyo inayowaamsha watu masikio. Filbert, wewe ndiye kifungua mimba wangu. Shamba la Chekereni ni lako, lile la mpunga, pamoja na zamu yake ya maji. Usiliuze kwa sababu liko mbali na pua yako. Nililipata jua likinichoma mgongo, na anayeuza shamba la baba yake ameanza kula mbegu. Kihamba hiki cha nyumbani, na migomba yake, na kahawa iliyobaki, na ng'ombe, na nyumba hii, ni vya Primus, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na ndivyo baba yangu alivyonifanyia mimi, na ndivyo baba yake alivyomfanyia yeye. Msigombane. Mpaka umepandwa masale, nayo masale hayana miguu. Mkiyaona yamesogea, jueni kuna mtu aliyeyasogeza, na mtu huyo asiwe wa damu yangu.

"Jirani yangu huyu, Elimringi, nimemwita kwa makusudi. Mlipokuwa wadogo mlijua tu kwamba mkikutana na watoto wake kwenye mfereji mnapita kama hamjaonana. Ugomvi wetu ulikuwa mringaringa uliosimama juu ya mpaka, mguu mmoja kwake, mguu mmoja kwangu, na kila mmoja alisema ulipandwa na baba yake. Tukaenda kwa wazee, tukaenda kwa mwenyekiti, tukarudi kila mtu na kiburi chake, na mti ukaendelea kunenepa huku ukitusikiliza. Kisha mama yenu akaanza kupoteza macho. Siku moja alikwenda mferejini, ukungu ukashuka, akapotea njia, akaingia kwenye maharage ya huyu bwana. Angeweza kuita watu waje waone mke wa adui yake anavyomkanyagia shamba. Hakuita mtu. Alichuma jani la isale hapo mpakani, akalipiga fundo, akamshikisha mama yenu, akamleta kwa mkono mpaka mlangoni pangu. Ninyi wa mjini labda mmesahau: isale likija na fundo ni ombi la msamaha, hulikatai, hata kama moyo unachemka. Nikalipokea. Tukaukata ule mti pamoja, na mbao zilipotoka akaniambia, 'Chukua zote, mtengenezee Hilda meza.' Nikachukua. Nusu yake sikuwahi kumrudishia, naye hakuwahi kuiuliza, na deni lisiloulizwa ndilo linalomnyima mtu usingizi. Kwa hiyo ile meza ya zamani mliyoitupia karakana ni yake. Elimringi, uje uichukue, ule juu yake na wajukuu wako.

"Sasa sikilizeni habari za meza ile, maana ndani yake kuna wosia wangu wote. Daktari alipotuambia macho ya mama yenu hayatarudi, nilimleta nyumbani nikakaa pale sebuleni nikitazama nyumba, na mahali nilipokuwa naona vyombo siku zote, siku ile niliona kona. Kila upande kona. Nilikuwa na randa, tupa na msasa, nikaanza navyo, mkono ukachubuka. Nilipoipata ruta, ile mashine ya kuviringa kingo, ndipo nikaizunguka nyumba nzima, na kila kitu nikakipa ukingo wake. Meza niliiviringa kwa biti kubwa, kile kisu chake kinachozunguka, ukingo mnene kama kidole gumba cha mwanamume. Kabati la vyombo nikalipa biti ndogo, ukingo mwembamba kama kidole cha mtoto. Kitanda hiki nikakiachia kidaraja kidogo juu ya mviringo, ili mkono ukikigusa ujue hapa ndipo pa kupumzika. Mama yenu alipita akipapasa, akauliza, 'Hii ni nini?' Nikamwambia, na hakuuliza mara ya pili. Alijifunza nyumba hii kama anavyosali rozari, punje kwa punje. Watu wakasema Hilda wa Leodegar anaona kwa muujiza. Tukawaacha waseme. Muujiza ulikuwa umelala kwenye boksi la biti.

"Na kazi ile ina adabu yake, wanangu. Ruta haiwashwi ikiwa imegusa mbao. Iache kwanza ipate mwendo wake hewani ndipo uisogeze, kama vile mtu haingii kwenye baraza akiwa tayari anapiga kelele. Ukiukabili ukingo, nenda kutoka kushoto kwenda kulia. Ukienda kinyume mashine itakukimbia mikononi. Usiile mbao yote kwa mpito mmoja. Punguza kidogo, rudi, punguza tena. Usisimame njiani, kwa sababu ukisimama mbao inaungua, na doa la moto halifutiki kwa maneno. Anza na vichwa vya mbao, huko inakopenda kupasuka, kisha ndipo uende na mbavu zake, kwa kuwa ubavu husahihisha kilichomeguka kichwani. Na mambo ya nyumba ni hivyo hivyo: anzeni na lile gumu mnalolikwepa, mepesi yatakuja kulifunika. Tena iko beringi ndogo chini ya biti, inatambaa juu ya ukingo na kuufuata ulivyo. Ukingo ukiwa na kovu, mviringo nao unatoka na kovu. Watoto wenu ndio beringi. Wanapita pale mlipopita ninyi.

"Basi nami nianze na lile gumu. Filbert, mwanangu, usiiname. Nimesikia kwamba Jumapili mnataka kushuka na mama yako. Nimesikia kwa kuwa kuta za nyumba hii ni mbao, na mimi ndiye niliyezipanga. Sikukasirika. Mtoto anayetaka kumchukua mama yake si mtoto mbaya. Lakini mnasema anaanguka kwa sababu amezeeka, na hapo ndipo ninapokataa. Jioni ya Krismasi nilikuwa nimelala hapa hapa, nikasikia nyonga ya mke wangu ikigonga mbao. Seremala hana elimu ya sauti nyingi, ila sauti ya mbao anaijua. Akaniambia ameangusha mwiko. Ni mwiko gani huo unaomfanya mtu avute pumzi namna ile? Hilda, miaka yote hii hukuniongopea ila kwa ajili ya watoto, na hata leo ulikuwa tayari kung'olewa nyumbani kwako kuliko mwanao ajue kwamba zawadi yake imekuchana. Na Mektrida alijua, maana ndiye anayekufunga kitambaa. Msimlaumu, mdomo ulimfunga wewe. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nakubali, ila naongeza langu: ulimi ukifungwa kabisa, mwingine hujikwaa badala yako.

"Filbert, meza yako ni nzuri. Juzi nilimwomba Elimringi anibebe nikaifikie, nikaipapasa kwa chini, mahali rangi haikufika. Ni mninga, mbao ya watu, na viungo vyake vimekazwa. Aliyeitengeneza anajua kazi, lakini aliitengeneza kwa ajili ya macho, na mama yako hana macho. Kosa la meza ile si mbao, ni kona. Na kona si kitu cha kumtenga mtoto na mama yake. Zawadi hairudishwi. Meza itabaki sebuleni, pale pale ilipokuwa ile ya zamani. Lakini siamuru mtu aiguse kingo. Nikiamuru, mtanitii mimi, na mimi naondoka. Afadhali atii moyo wake yule aliyeileta.

"Ruta, pamoja na boksi la biti, na randa, na patasi, na karakana yenyewe, nampa Mektrida. Naona Grace ameshika mdomo. Shika tu, mwanangu, usije ukaumeza. Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka kabla hamjajua, na nilipokuwa siwezi tena kuinyoosha mashine, huyu aliyekuwa ananiletea chai akashika upande wa pili wa mbao, kisha akashika mashine pamoja nami, kisha siku moja nikaachia na yeye hakuona kwamba nimeachia. Lile kabati la padre mlilolisifu, kingo zake ni mkono wake. Hakusema, nami sikusema, kwa kuwa tulikuwa kazini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Asije mtu akanena kwamba chombo cha ukoo kimekwenda kwa mwanamke wa kuja. Wanawake wote wa nyumba hii ni wa kuja, hata mama yangu alikuja, na bila wao nyumba ingekuwa kuta na moshi. Ila, Mektrida, nina neno lako, nalo ni zito kuliko mashine. Mkono wako una nguvu, sauti yako haina. Usikae kungoja kuambiwa. Mbao haitakuita ikuombe uichonge. Ukiona kona inaumiza watu, ikiwa ya mti au ya maneno, simama, omba njia, uifanyie kazi.

"Meza hiyo ikishakuwa salama, muulizeni mama yenu mwenyewe. Akitaka Moshi, aende Moshi, Filbert amtunze, na mimi kaburini sitageuka. Akitaka kubaki, abaki, na Filbert asione amekataliwa. Lakini ajibu akiwa amesimama ndani ya nyumba anayoijua, si ndani ya nyumba iliyogeuzwa mtego. Mama si debe la maharage, kwamba mnajadili mtamweka stoo gani.

"Mimi mnizike chini ya migomba, kando ya baba yangu. Jeneza msinunue mjini. Juu ya dari ya karakana ziko mbao za mringaringa, nimezianika mwenyewe, zimekauka kuliko mimi. Na kona zake mziviringe, hasa za chini, kwa sababu njia ya kutoka kanisani ni nyembamba, gari halipiti, na watakaonibeba ni vijana wa watu. Sitaki jeneza langu limkate mtu bega. Watu wakinishusha, waseme mzee alikuwa mzito, basi, wasiseme aliwachuna.

"Nipeni maji... Asante. Baba yangu alinibariki kwa mbege, aliinywa akanitemea mate hapa kifuani, nikasikia ubaridi mpaka mgongoni. Mimi kinywa kimekauka, wanangu. Sina hata mate ya kuwabarikia. Pokeeni pumzi. Filbert, ulime, uvune, na wanao wakuletee zawadi ambazo hutaogopa kuzisema. Grace, kicheko chako kisikauke. Primus, mlima umrudishe na vidole vyake vyote. Mektrida... mkono wako usitetemeke upesi kama wangu. Mungu awapitie... awapitie kwa upande ulio laini. Hilda. Hilda, uko wapi? Lete mkono. Huu hapa ni ukingo wa kitanda. Unakisikia kidaraja? Eh. Hapo. Ndipo nilipo."

Akafumba macho, na kifua kikaendelea kupanda na kushuka taratibu. Filbert alitoka nje bila kumtazama mtu, akasimama kwenye kahawa mpaka ukungu ulipomfunika.

Asubuhi yake mzee alikuwa bado anapumua. Mektrida alimnyonyesha mtoto, akambeba mpaka jikoni, akamweka mikononi mwa Grace. "Nishikie kidogo, dada." Akaenda karakana, akachukua ruta, boksi la biti, waya mrefu na miwani, akaenda navyo sebuleni akinyata kama anayekwenda kuiba.

Filbert alikuwa amekaa mbele ya meza yake. Viatu vyake vilikuwa vimelowa umande, na mbele yake palikuwa na jani la isale lililopigwa fundo. Alikuwa akilitazama kama mtu aliyesahau namna ya kulikabidhi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Hapo ndipo mazungumzo yao yalipokuwa yakiishia siku zote. Mektrida akaiweka ruta sakafuni.

"Shemeji, naomba unishikie upande ule. Tuitoe nje."

Filbert akainua macho, akamtazama yeye, akaitazama mashine. "Utaikwangua rangi."

"Ya pembeni tu. Juu siigusi."

"Hii rangi niliichagua mwenyewe. Fundi alitaka kuniwekea ya kahawia." Akaweka kiganja juu ya kona. "Ni hii iliyomchana?"

"Hapana. Ile ya karibu na mlango."

Akainuka, akaizunguka meza, akaishika ile kona kwa vidole vyote, akaibonyeza mpaka ngozi ikawa nyeupe. Halafu akalitia jani mfukoni mwa shati, akainama, akanyanyua upande wake.

Uani Mektrida alifungua boksi, akazipitia biti moja moja. Ile kubwa ilikuwa ya meza ya zamani, ile ndogo ya kabati. Akachagua ya katikati, ambayo katika nyumba ile haikuwa ya kitu chochote, akaijaribu kwanza kwenye kipande cha mbao, akaupapasa mviringo wake macho yakiwa yamefumbwa. Ndipo akavaa miwani. Ruta ikapata mwendo wake, kuku wakakimbilia migombani, na akaanza na kichwa cha meza, kushoto kwenda kulia. Rangi nyeusi iliruka kama masizi, na chini yake ikatokea mbao nyekundu, mbichi, inayonukia. Filbert alishika waya usije ukamtega, akimfuata hatua kwa hatua kama msaidizi wa padre.

Dirisha la chumbani likafunguka, kichwa cha Elimringi kikatokeza.

"Meku anasema unaikimbilia kona! Taratibu!"

Mektrida akapunguza mwendo.

"Anasema sasa ndiyo!" Kichwa kikarudi ndani.

Alirudia mpito mara ya pili na ya tatu, akapiga msasa, akaufuta ukingo kwa kitambaa mpaka hapakubaki vumbi. Wakairudisha meza sebuleni, mahali pa ile ya zamani. Filbert akatoa jani la isale, akaliweka kwenye kona ya karibu na mlango, akasogea ukutani.

Mama Hilda alitoka jikoni, miguu ikiburuta kwa woga aliokuwa ameuzoea tangu Krismasi, mkono umetangulia mbele. Ukaigusa meza. Ukasimama. Kisha ukaanza kwenda.

"Huu ukingo siujui," akasema. "Si mnene kama wa meza, si mwembamba kama wa kabati. Ni wa nani?"

Mektrida akamtazama Filbert.

"Ni wangu, Mama," Filbert akasema.

Mama aliizunguka meza, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwenye ya nne vidole vyake vikakuta jani. Akalipapasa fundo lake. Akalitazama kwa macho yasiyoona, akalifunga kwenye ncha ya khanga yake, akaikaza.

"Basi nimeujua." Kisha akageuza uso upande wa jikoni. "Grace, mwanangu, kile chumba usikitandue. Nitakuja kukaa nikipenda, nile hayo mapilau yako. Lakini kitanda changu kiko hapa. Uji wa baba yenu uko wapi? Utapoa."

Mektrida akanawa vumbi la mninga mikononi, akamimina uji, akampa Mama kikombe, akasogea pembeni kumwachia njia, na mara hii hakumshika mkono.